Ajenti anasema bima italinda mshahara wangu, nichukue ama niweke tu akiba?

SWALI: Habari kaka. Tunaishi Donholm, watoto wawili, na mimi niko kampuni moja ya kupakia bidhaa huku Industrial Area, miaka sita na miezi nane sasa. Mshahara ni 85,000 lakini ikishakatwa kila kitu pamoja na akiba na loni ya Sacco (loni peke yake ni 12,000) inanifikia kama 46,000. Mzee wangu anachomelea mageti, mwezi mbaya analeta 20,000. Wiki jana wametoa watu kumi na wawili wa stoo na sisi tumebaki tukiangaliana. Sasa kuna ajenti ananifuata, anasema nilipe 4,500 kila mwezi ati nikipigwa kalamu watanilipa mpaka nipate kazi ingine. Niko na 210,000 kwa Sacco na 35,000 kwa benki, loni ya Sacco imebaki 340,000. Nichukue hiyo bima? Na hiyo 35,000 niimwage kwa loni ipungue? – Mama Shani

JIBU: Mama Shani, wacha nianze na huyo ajenti maana ndiye anakusukuma.

Kenya hatuna bima ya serikali ya kumlipa mtu akikosa kazi. Afrika Kusini wanayo, inaitwa UIF, mfanyakazi anakatwa asilimia 1 na mwajiri anaongeza asilimia 1, utake usitake uko ndani, na hapo kwa utake usitake ndipo siri yenyewe iko. Chukua bima ya moto, nyumba moja ikiungua mtaa wa Umoja, zile zingine ziko sawa na malipo yao ndiyo yanafidia hiyo moja. Kazi haziendi hivyo. Kazi zinaisha kwa mafungu, 2020 corona ilipoingia mahoteli yalituma watu nyumbani kwa mpigo, sasa kampuni ya bima ingelipa wote na pesa za nani? Halafu anayekimbilia kununua bima ya kazi ni nani, si ni yule ameshasikia fununu ofisini. Kama wewe sasa hivi, samahani lakini ndio ukweli, na kampuni za bima zinajua hivyo, ndio maana utakuta kuna miezi ya kungoja kabla hujaruhusiwa kuleta klemu, na kama barua ya kupunguza watu ilikuwa imeshatoka kabla hujatia sahihi, hapo umepoteza.

Kitu kinauzwa hapa kwetu kwa jina la kulinda mshahara mara nyingi ni moja ya mbili. Kuna ile inashikanishwa na loni ya benki, ukipunguzwa kazi inalipa makato ya loni miezi michache, mitatu hivi mpaka sita, na pesa zinaenda benki, hazipiti mkononi mwako. Hiyo si mbaya, ila inabidi uwe na loni ya benki na wewe yako ni ya Sacco, na bima ya loni za Sacco kwa kawaida ni ya kifo na ulemavu. Ya pili ni bima ya akiba ya miaka kumi na kuendelea, halafu huko ndani kuna kamstari kadogo kuhusu kukosa kazi, pengine ni kukusamehe tu malipo kwa muda. Kwa 4,500 nashuku ni hii ya pili. Ubaya wake ni kwamba ukishindwa kulipa miaka miwili mitatu ya kwanza ukaivunja, unatoka na kidogo sana ama mikono mitupu. Yaani unanunua kinga ya kukosa mshahara ambayo inategemea mshahara uendelee kuingia!

Hiyo ya "mpaka upate kazi ingine" mimi nilikaa dawati la klemu miaka minne na sikuwahi kuiona kwa karatasi yoyote. Nilichoona ni jamaa mmoja alikuja na barua yake safi, akiwa na uhakika kabisa, kumbe mtu wa HR aliandika "mkataba wake umefika mwisho na hautaongezwa". Bima ilikuwa ya aliyepunguzwa kwa sababu nafasi yake imefutwa. Sentensi moja tu na klemu ikakataliwa, na kusema kweli kwa maandishi walikuwa sawa. Ukijiuzulu, ukifukuzwa kwa makosa, ama ukikubali ile ya "toka kwa hiari tukuongezee kitu", hizo zote kwa kawaida huwa kwa ukurasa wa visivyolipwa. Kwa hivyo usibishane na ajenti kwa simu, mwambie akutumie hati nzima ya bima, siyo ile karatasi ya rangi yenye familia inacheka, na uanze kusoma kutoka huo ukurasa. Akizungusha umepata jibu lako.

Lakini mimi bima yako hainisumbui sana, inanisumbua hiyo 210,000.

Wewe unaihesabu kama akiba ya dharura na siyo. Pesa ya Sacco hutoi nusu nusu, mpaka ujitoe uanachama, unaandika notisi na kwa kawaida ni siku 60, na huwezi kujitoa ukiwa na loni. Wakikata loni kwa akiba yako bado unabaki na deni la 130,000 na wadhamini wako wanaanza kupigiwa simu. Na je, wewe umedhamini nani? Maana kila uliyemdhamini ameshika kipande cha hizo pesa, na kama ni wenzako wa hapo hapo kazini basi siku mkipunguzwa mtapunguzwa pamoja na kila mmoja atakuwa anadaiwa kupitia kwa mwingine. Hii nimeona ikivunja urafiki wa miaka. Nenda Sacco wiki hii uombe orodha ya uliowadhamini na imebaki ngapi kwa kila mmoja.

Ukiwa hapo hapo uliza kopi ya fomu ya loni uliyotia sahihi. Fomu nyingi zina sentensi inampa mwajiri ruhusa ya kukata salio lote la loni kutoka kwa malipo yako ya mwisho. Hii ndio ya kuangalia sana, kwa sababu ukipunguzwa kihalali una haki yako, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema upewe notisi isiyopungua mwezi mmoja ama ulipwe mwezi badala yake, siku za livu ambazo hujaenda zilipwe, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Wewe umekamilisha sita, hiyo miezi nane haihesabiki, kwa hivyo ni siku 90, karibu mishahara mitatu kabla ya kodi. Watu wanapiga hesabu ya hizo pesa wakiwa kitandani usiku, wanasema nitafungua duka, halafu siku ya malipo Sacco imeshachukua yake. Kama sentensi hiyo iko, ongea na Sacco mapema muone kama wanaweza kukuongezea muda badala ya kukata zote. Wanasikiza zaidi mtu akija kabla hajakwama.

Sasa ebu fanya kitu kimoja, andika mwezi mkavu. Siyo mwezi wa kawaida, ni ule mwezi hakuna nyama choma, hakuna kununulia watoto viatu vya Jumapili. Nimebahatisha ya kwako kwa bei za huko Donholm, wewe utarekebisha: renti 18,000, chakula na gesi 14,000, karo ukiigawanya kwa mwezi 7,000, nauli 3,000, stima na maji 3,000, mama ushago 3,000. Jumla 48,000. Mzee akileta 20,000 pengo ni 28,000, na ukiendelea kulipa loni pengo ni 40,000. Miezi minne ni 160,000. Hiyo ndio bima yako na inabidi iwe mahali unaweza kuifikia kwa siku tatu.

Ongeza kwa hiyo 35,000. Ile 4,500 ya ajenti tayari umeshajua inaweza kutoka kwa bajeti, tafuta 3,500 ingine, na ukiweza punguza unachoweka Sacco mpaka kiwango cha chini wanachoruhusu. 8,000 kwa mwezi ni 96,000 kwa mwaka. Haijafika 160,000, najua, lakini pamoja na 35,000 ni 131,000, na hapo ni kabla ya shilingi moja ya kupunguzwa kazi.

Iweke wapi? Mimi ningeweka kwa mani maketi, ule mfuko ambapo kampuni inakusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha serikali na mabenki kwa muda mfupi, hakikisha tu kampuni imepewa leseni na CMA, wasimamizi wa masoko ya mitaji. Faida inakatwa kodi ya asilimia 15 na ukiomba pesa zako inachukua kama siku mbili tatu, na hako kaucheleweshaji ni kazuri maana M-Pesa iko karibu sana na mkono. Bakisha renti ya mwezi mmoja kwa benki ya kawaida, benki iliyo na leseni ikianguka KDIC, shirika la serikali la bima ya amana, inakulinda mpaka 500,000 kwa hivyo hapo usiwe na wasiwasi. NSSF, ile akiba ya uzeeni, isahau, haitoki kwa sababu ya kufutwa kazi kama hujafika umri wa kustaafu.

Bima moja ningekushauri uangalie ni ya matibabu. Kama kampuni imewapa kadi ya hospitali, uliza inaisha lini mtu akitoka, mara nyingi ni siku ile ile. Na SHIF, bima ya afya ya serikali, sasa inakatwa asilimia 2.75 kwa pesilipu bila wewe kusumbuka, ukitoka kwa pesilipu unapima uwezo wako mwenyewe kwa *147# na unatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Iongeze kwa hesabu ya mwezi wa kwanza. Mtoto akilazwa wiki mbili baada ya kupoteza kazi hiyo 131,000 haifiki popote.

Na lile swali lako la mwisho, hapana, usiimwage 35,000 kwa loni. Loni itatoka 340,000 iwe 305,000, makato yatabaki yale yale 12,000, na Jumatatu wakikuita ofisini utakuwa huna hata renti.