Swali la lugha: Je, azimio hubadili katiba?

SWALI: Mimi ni katibu wa klabu ya Rotary hapa Mwanza. Katika taarifa kwa wanachama niliandika: "Azimio la kubadili katiba limepitishwa na wajumbe walio wengi." Mwenzangu anasema sentensi hiyo ina makosa matatu. Ni yapi?

JIBU: Ndugu Katibu, mwenzako amehesabu vizuri, ila la nne limempita.

Tuanze na azimio. Kwa Kiswahili cha kawaida neno hili ni pana: Azimio la Arusha la 1967 lilitangaza msimamo, na mkutano wowote wa hadhara waweza kufikia maazimio. Ndani ya Rotary, shirika la kimataifa la klabu za kujitolea kuhudumia jamii, upana huo unapotosha. Kuna mabaraza mawili. La kwanza hukutana kila baada ya miaka 3, kila wilaya ya Rotary (kundi la klabu za eneo moja, si wilaya ya serikali) ikituma mjumbe mmoja, na hilo pekee ndilo lenye mamlaka ya kugusa katiba na kanuni za shirika. La pili hufanyika kila mwaka kwa mtandao. Hilo ndilo la maazimio, yaani maombi na maoni kwa uongozi, na halibadilishi hata nukta ya kanuni. Mwanachama akisoma "azimio" atadhani ni ushauri tu. Andika pendekezo la marekebisho, na likishapita andika marekebisho. Wapo wanaopenda muswada (au mswada, kama wanavyoandika Kenya). Mimi ningeliacha neno hilo bungeni.

Kuhusu kubadili, neno si baya kisarufi. Tena ibara ya 98 ya Katiba ya Tanzania inatumia kubadilisha na kulipa maana pana inayojumuisha kurekebisha. Lakini tangu mjadala wa katiba mpya, masikioni mwa wengi "kubadili katiba" ni kuitupa ya zamani na kuandika nyingine. Rotary hurekebisha: hufuta maneno hapa, huongeza kifungu pale. Wala udogo wa marekebisho si udogo wa athari. Baraza la 1989, lililokaa Singapore, liliondoa sharti la uanachama kuwa wa wanaume pekee, likafungua mlango kwa wanawake duniani kote.

"Wajumbe walio wengi" ndilo kosa zito kuliko yote. Kanuni za shirika hurekebishwa kwa zaidi ya nusu ya kura. Katiba ya shirika hudai theluthi mbili. Na theluthi mbili ya nini? Hapa waandishi wengi huteleza. Ibara ya 98 niliyoitaja huhesabu theluthi mbili ya wabunge wote, awepo asiwepo. Rotary huhesabu kura za waliohudhuria na kupiga kura. Tuseme baraza lina wajumbe 500 na waliopiga kura ni 450. Kwa hesabu ya Rotary zinatosha kura 300. Kwa hesabu ya wajumbe wote zingehitajika 334. Ukiandika "theluthi mbili ya wajumbe" umeongeza kura 34 zisizodaiwa na mtu. Andika theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Na pale inapotosha zaidi ya nusu, sema hivyo hivyo. "Kwa kura nyingi" humaanisha ushindi wa kishindo.

Sasa la nne: katiba ipi? Shirika lina katiba yake na kanuni zake, kisha kuna katiba inayotumiwa na klabu. Hii ya mwisho nimeiona ikiitwa "katiba ya mfano", na madhara yake ni makubwa, kwa sababu mfano ni kitu unachoweza kukiiga au kukiacha. Klabu haina hiari hiyo, isipokuwa zile kongwe za kabla ya Juni 1922 zilizokuwa na katiba zenye tofauti. Iite Katiba Sanifu ya Klabu. Hurekebishwa na baraza lile lile, kwa zaidi ya nusu ya kura, si kwa mkutano wenu wa jioni. Kinachostahili kuitwa cha mfano ni kanuni ndogo zinazopendekezwa kwa klabu. Hizo mnaweza kuzikata na kuzishona mnavyotaka, mradi zisipingane na katiba.

Sentensi yako, kama kilichorekebishwa ni katiba ya shirika, isomeke: "Baraza limepitisha, kwa theluthi mbili ya kura zilizopigwa, pendekezo la kurekebisha Katiba ya Rotary International, marekebisho yataanza kutumika tarehe 1 Julai."

Usiongeze "na uamuzi ni wa mwisho". Baada ya baraza, klabu hupewa muda wa kuandikisha pingamizi. Pingamizi zikifikia asilimia 5 ya kura zote ambazo klabu zina haki ya kupiga, uamuzi husimamishwa na klabu zote hupigia kura. Katika hatua hiyo usiandike umefutwa wala umebatilishwa. Hata umesitishwa lina utata, maana wengine hulisoma kama kukomeshwa kabisa. Umesimamishwa kwa muda hutosha. Klabu zikiukataa kwa zaidi ya nusu ya kura zote ambazo zina haki ya kupiga, hapo ndipo umebatilishwa. Zisipoukataa, unahesabiwa kana kwamba haukuwahi kusimamishwa.