Haribu mradi wa mfano kabla hujauamini

Nilipoanza kucheza na ESP32, chipu ndogo yenye Wi-Fi na Bluetooth inayouzwa ikiwa kwenye bodi, nilikuwa mkusanyaji wa mifano. Napakua mradi, naupakia kwenye bodi, kitaa kinamweka, nafurahi, nahamia mwingine. Miezi ikapita hivyo. Ungenifungulia faili tupu ukaniambia niunganishe bodi na Wi-Fi bila kuchungulia popote, jasho lingenitoka.

Lawama si za mifano. ESP-IDF, yaani mazingira ya programu ya Espressif wenyewe, watengenezaji wa chipu hiyo, huja na folda nzima iitwayo examples, na sijaona mwalimu bora kuliko ile. Tatizo lilikuwa namna nilivyoitumia.

Wa kwanza ni hello_world. Unaandika taarifa za chipu, unahesabu sekunde 10 kurudi nyuma, kisha bodi inajiwasha upya. Watu huuruka kwa dharau. Mimi nimeuweka kama kipimo changu cha afya: ukikubali, basi kebo, poti, draiva na kasi ya mawasiliano ya 115200 viko sawa, na ukikwama baadaye unaanza kushuku msimbo wako. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikisaka kosa kwenye programu, kumbe kebo ilikuwa ya kuchajia tu, haina nyaya za data.

Mahali pa kukaa kwa muda mrefu ni mfano wa station, ule wa kuunganisha bodi na Wi-Fi. Kaa nao hata wiki. Hapo ndipo utaelewa kwamba programu ya redio haisomeki kutoka juu kwenda chini kama hadithi. Unaandikisha funksheni ya kupokea matukio, halafu unasubiri kuitwa: Wi-Fi imeanza, muunganisho umekatika, anwani ya IP imepatikana. Mimi nilichora matukio hayo kwenye karatasi, mishale kwa mishale, na siku hiyo ndipo kichwa kilipofunguka.

Kisha nikaanza kuuharibu. Niliweka nenosiri la uongo nikaangalia ujumbe gani unatoka. Nikaandika jina la mtandao usiokuwepo. Nikazima ruta bodi ikiwa imeshaunganishwa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, nikibashiri jibu kabla ya kupakia. Nikibashiri vibaya, hapo ndipo penye somo.

Laiti ningefanya hivyo mapema. Kifaa changu cha kwanza cha kupima joto kilitumia station kama ulivyo, na kilifanya kazi vizuri mpaka siku ruta ilipozimwa dakika chache. Ruta ikarudi, simu zikarudi mtandaoni, kifaa kikanyamaza kabisa. Nilishuku antena, nikashuku chipu, nikashuku kila kitu isipokuwa ule msimbo "rasmi". Jibu lilikuwa kwenye mistari michache ambayo sikuwahi kuisoma: mfano unahesabu majaribio ya kuunganisha upya, na kwa mpangilio wake wa kawaida ukifika mara 5 unakata tamaa. Haujaribu tena. Majaribio hayo yote huisha kabla ruta haijamaliza hata kuamka. Na mfano haukukosea! Uliandikwa uonyeshe jinsi ya kuunganisha, haukuandikwa uishi ukutani mwaka mzima. Siku hizi kila mfano nauuliza: umeacha nini?

Ukizoea kuharibu, anza kuoanisha. Chukua mifano miwili inayofanya kazi peke yake, uifanye iishi nyumba moja. Hapa ndipo vifaa visivyotumia waya vinapoonyesha tabia zao. Nilichukua mfano wa kusoma volti kwenye pini nikauunganisha na ule wa Wi-Fi. Kila mmoja peke yake, safi. Pamoja, usomaji ukawa unashindikana. Nilikuwa nasoma kwenye GPIO 4, yaani pini namba 4, ambayo kwenye ESP32 ya asili iko upande wa ADC2, kimoja cha vipimaji viwili vya volti ndani ya chipu, na ADC2 hutumiwa pia na Wi-Fi. Redio ikiwaka, haikupi nafasi. Nilihamia GPIO 34, iliyo upande wa ADC1, mambo yakatulia. Mfano mmoja mmoja usingeweza kunifundisha hilo.

Umeme nao ni vilevile. Kitaa kinaweza kumweka kwa chanzo dhaifu, lakini Wi-Fi ikianza kurusha, chipu hudai mamia ya miliampia kwa ghafla. Bodi ikijizima kila inapotaka kuunganisha, na ujumbe ukilalamika kwamba volti zimeshuka, acha msimbo kwanza, angalia chanzo cha umeme na kebo.

Kwa Bluetooth ya umeme kidogo (BLE) nina neno moja tu: ukibadilisha jina la kifaa kwenye mfano, lifanye fupi. Pakiti ya kawaida ya kujitangaza ina nafasi ya baiti 31 kwa kila kitu, na jina la mbwembwe hugombania nafasi hiyo na vitambulisho vya huduma.

Jingine lililonipotezea muda ni kuchanganya matoleo. Mfano uliookotwa mtandaoni unaweza kuwa wa toleo la 4 la ESP-IDF na wewe una la 5, ambalo lilileta draiva mpya ya ADC. Tumia mifano iliyomo kwenye folda ya toleo ulilosakinisha. Na kabla hujagusa kitu, hifadhi nakala kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, maana utaharibu mpaka usahau ulianzia wapi.

Nikimaliza mfano, naufunga, nafungua faili tupu na kuuandika upya kwa kichwa. Huwa nakwama, nachungulia, naendelea. Halafu kwenye folda naacha faili la maelezo lenye mistari miwili mitatu kuhusu kilichovunjika. Lile la station lina mstari mmoja tu, kwa herufi kubwa: HUYU HUKATA TAMAA MARA YA 5.