Jibu: Kupima nafasi ya beringi za kranki bila mikromita

Umeuliza kama Plastigage (uzi laini wa plastiki unaobanwa na kupanuka) inatosha kupima beringi za kranki nyumbani. Kwa nafasi ya mafuta (pengo dogo kati ya kranki na beringi), inatosha ukiitumia sawasawa.

Geuza bloku chini juu ili uzito wa kranki ukae kwenye beringi za upande wa bloku. Ukipima injini ikiwa wima, kranki inalalia kofia (vipande vya chini vinavyoshikilia beringi kwa boliti) na kipimo kinakudanganya. Futa mafuta yote, hata nyuma ya beringi. Chembe moja ya uchafu pale inaharibu kila kitu. Kata kipande cha uzi, kilaze kwa urefu wa jino la kranki (sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi), rudisha kofia kwa namba na mwelekeo wake, kisha kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Usizungushe kranki hata kidogo! Fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na skeli ya kwenye pakiti.

Injini nyingi za magari madogo huangukia milimita 0.025 hadi 0.05, lakini kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Uzi ukiwa mpana upande mmoja, jino limelika mshazari. Umbo la yai huligundui hivi. Hapo mikromita ni lazima.

Nafasi ikizidi, presha ya mafuta hushuka injini ikipata moto. Ikibana mno, beringi huungua. Nafasi iliyozidi, dawa ni kusaga kranki na kuweka beringi nene zaidi, za saizi ya milimita 0.25. Kofia usizipige tupa kamwe. Boliti zinazovutika zinapokazwa: pimia na za zamani, funga na mpya.