Nakili Ukurasa Mzima: Niliyojifunza Nikimtafuta Babu Yangu Manamba

Babu yangu mzaa baba alikuwa namba 318. Kwa muda mrefu hilo ndilo andiko pekee nililokuwa nalo juu yake. Nilikuwa na nafasi ya kupata mengi zaidi siku ileile, na niliyaacha mezani kwa mikono yangu.

Nimekulia Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nyumbani tulijua kwamba babu alitoka Urundi, ndiyo Burundi ya leo, wakati wa njaa kubwa iliyopiga Ruanda-Urundi mwaka 1943 na 1944, akaja kukata mkonge upande wa Muheza, baadaye akawa kuli bandarini, akasilimu, akaoa, na jina la kwao hakulitumia tena. Basi. Alipofariki hakuna aliyejua alitoka mlima gani wala aliacha nani. Wenyeji wenzangu wanakijua kisa cha namna hii, hata kama chao si cha Urundi. Huyu babu yake ni Mmakonde wa Msumbiji, yule ni Muha, wengine Wabena, Wangoni, Wanyamwezi. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulitaka mikono mingi kuliko iliyopatikana hapa, kwa sababu Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao ya kulima. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na watu wakaletwa kutoka mbali. Kila aliyefika alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Tanga tunaiita waja leo waondoka leo, lakini hawa walikuja, na makaburi ya wengi wao yako hapahapa.

Miaka kumi na kitu iliyopita nilielekezwa kwa mzee mmoja, karani mstaafu wa shamba ambalo sitalitaja. Shamba lilipofungwa, karatasi za ofisi zilitupwa nje, naye akaokota madaftari machache akayaweka sandukuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamweleza. Tukafungua daftari la kuandikisha vibarua, tukashuka nalo taratibu, na baada ya kama saa moja tukampata: 318, jina la kwao, "Mrundi", na jina la nyapara wake. Nilitetemeka. Nikaunakili mstari ule nyuma ya risiti, nikamshukuru mzee, nikapanda daladala kurudi mjini nikiwa na furaha isiyo na kifani. Niliporudi baada ya mwaka na nusu, mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na lile sanduku limeliwa na mchwa. Wanawe walinionyesha ganda la daftari. Ndani hamkuwa na kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichopoteza. Katika madaftari yale vibarua waliandikwa kwa jinsi walivyofika. Walioteremka lori moja walifuatana namba, na watu walisafiri na watu wao: ndugu, shemeji, jirani wa mlima mmoja. Aliyekuwa 317 na aliyekuwa 319 walikuwa njia ya kunifikisha kwa babu yangu, nami niliwaruka kwa sababu nilidhani hawanihusu.

Kwa hiyo ukiniuliza ushauri mmoja tu, ni huu: ukipata daftari la zamani, nakili ukurasa mzima. Muda ukiruhusu, nakili daftari zima. Kisha wagawie wengine, kwa maana jina usilolijua wewe ni babu wa mtu.

Nilipata nafasi ya pili. Familia moja ya Pongwe ilikuwa na daftari la posho la shamba lilelile, la miaka ya baadaye kidogo. Niliomba ruhusa, nikawa nakwenda kila Jumamosi na kalamu na simu. Kurasa 46. Nilipiga picha kila ukurasa kwanza, mchana, kivulini, bila kuwasha taa ya simu, kwa sababu mwanga huo huifanya penseli iliyofifia isionekane kwenye picha. Kisha nikaanza kuandika.

Jambo gumu kuliko yote ni kujizuia kusahihisha. Makarani wa hapa waliandika majina ya Kirundi kwa sikio la Kiswahili, kwa hiyo Ndikumana anaweza kuwa Dikumana na Rwasa akawa Luasa. Mkono unawasha urekebishe. Usirekebishe. Andika herufi zilizopo, halafu weka safu nyingine pembeni ya unachodhani ndilo jina lenyewe. Herufi usiyoisoma iwekee alama ya kuuliza mahali pake. Ukishasahihisha na kuwagawia watu, wenzako wanapokea dhana yako wakidhani ni daftari. Hata yaliyokatwa kwa mstari yanakili, useme yamekatwa. Nasema hivi kwa sababu katika daftari la Pongwe nilimkuta tena 318. Jina lilikuwa limepigwa mstari, na pembeni karani kaandika neno moja: "katoroka".

Babu yangu alitoroka shamba. Nililitazama neno lile kwa muda. Nyumbani tuliambiwa "alihamia bandarini", na sasa nilijua alihamiaje. Simlaumu hata kidogo.

Kila mstari uambatane na jina la shamba, aina ya daftari, mwaka na ukurasa. Namba peke yake haina kazi, kwa sababu kila shamba lilikuwa na namba zake, na mtu aliyehama alipewa nyingine. Wala usiharakishe kugeuza hesabu za zamani kuwa za leo. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na karani aliitia alama kwa siku uliyofanya kazi tu, kwa hiyo kadi moja ingeweza kuchukua mwezi na wiki kadhaa kujaa. Ukikuta mtu ana vipande vinne, andika vipande vinne, usiandike miezi minne. Na safu ya kijiji itilie shaka. Warundi waliishi wametawanyika milimani, hawakuwa na vijiji kama vyetu, basi karani akiuliza kijiji, huyu alijibu mlima wake, yule alimtaja chifu wake. Umri nao ulikisiwa kwa kumtazama mtu usoni.

Wanaofuatilia enzi za Wajerumani wana shida yao. Rafiki yangu wa Bagamoyo anatafuta ukoo wa wapagazi waliobaki pwani, na alikaa siku nyingi akitafuta Wanyamwezi bila kuwaona, kumbe waliandikwa "Wanjamwesi", kama vile mji wake ulivyoandikwa "Bagamojo" na Ujiji ikawa "Udjidji". Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa wakati ule nao una herufi zake. U huwekewa kialama juu ili isichanganywe na n, na asiyejua hudhani ni wino umedondoka. Kwa vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki, mathalani vya misheni kama ile ya Bagamoyo iliyoanza mwaka 1868, lugha ni Kilatini. Mwenzetu mmoja alichukua neno lenye maana ya mpagani akaliandika kama jina la baba, na kosa hilo likaingia kwenye shajara za nasaba za familia tatu kabla hatujaligundua. Jifunze yale maneno machache yanayojirudia: mwana wa, binti wa, amezaliwa, mdhamini, mjane. Usiache maelezo ya ukingoni mwa ukurasa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, parokia inayofungisha ndoa hutakiwa kupeleka habari kwenye parokia ya ubatizo, nayo huandikwa kando ya jina. Kijistari hicho cha ukingoni ndicho kinachoweza kukuambia kwamba mtu aliyebatizwa mbali aliishia kuoa Korogwe.

Sasa kugawa. Nakala ya kwanza nilimpa mwenye daftari, imechapwa na kubanwa vizuri. Hii ni adabu kabla ya kuwa ushauri. Mtu amekufungulia sanduku la baba yake, huwezi kumwacha akasikia kutoka kwa wengine kwamba yaliyomo yamesambaa. Baada yake niliwatumia wenzangu wa WhatsApp tunaofuatilia nasaba za watu wa mkongeni. Picha tuma kama faili, kwa maana ukizituma kama picha za kawaida zinapunguzwa na maandishi madogo hayasomeki. Wapo waliowahi kuniambia niuze kila jina kwa shilingi elfu kadhaa. Gharama ya kuchapa sawa, tunachangiana. Lakini kumuuzia mtu jina la babu yake, mimi siwezi.

Njia iliyozaa matunda kuliko simu, hata hivyo, ni kusoma kwa sauti. Tulikaa barazani kwa shangazi yangu baada ya alasiri, wazee saba, kahawa na kashata, nikawa nasoma jina moja baada ya jingine. Kwenye karatasi "Dikumana" halimwambii mzee kitu, na wengi wao macho yameshachoka. Lakini likitamkwa, sikio linakamata. Bibi mmoja, mjane wa mkata mkonge, alinisimamisha mara tano. "Rudia hilo." Nikarudia. Akalitamka upya kwa lafudhi ya marehemu mumewe, akacheka, kisha akanyamaza kabisa. Mengine alikuwa na habari zake: huyu alifanya kazi korona, kwenye mashine ya kuchambua mkonge, ikamkata vidole, huyu alirudi kwao, huyu mwanawe anauza samaki pale Deep Sea, hapa Tanga. Nilikuwa na kalamu, lakini maneno yake niliyaweka kwenye karatasi tofauti yenye tarehe na jina la msemaji. Daftari libaki daftari, kumbukumbu ya bibi ibaki ya bibi. Vyote viwili ni vya thamani, na siku vikipingana utataka kujua kipi kilisema nini.

Kabla hujagawa chochote, fikiria nani anaweza kuumia. Hili kwetu si la kinadharia. Zipo familia zinazoficha kwamba babu alitoka Urundi au Ruanda kwa kuogopa kuulizwa uraia, ingawa wamezaliwa hapa vizazi vitatu. Wapo wa pwani ambao asili ya utumwa haitajwi mbele ya wakwe. Kwa hiyo mimi nagawa majina ya watu wazima wa miaka ya 1940 na 1950, na yeyote anayeweza kuwa hai namtoa, hasa watoto walioandikwa kwenye posho ya mama zao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, jirani ni jirani. Nikijua familia inayohusika naanza kwao. Mmoja aliniambia, "Tuache, mwanangu, mpaka mama aondoke." Mstari ule ninao, nimeunakili, na haujatoka kwangu.

Ile orodha ya Pongwe ilizunguka miezi minne hivi bila jibu lolote kuhusu babu. Kisha usiku mmoja akanipigia mama mmoja wa Korogwe.

"Mdogo wangu, hiyo 322 ni baba yangu. Kipande chake ninacho."

Tukaonana. Kipande kilikuwa kimekunjwa mara nne ndani ya Biblia, namba ileile, shamba lilelile. Baba yake alimsimulia kwamba walitoka watano mlima mmoja, karibu na misheni ya Muyaga, mashariki ya Burundi. Mmoja wao, mwenye kovu kidevuni, alitoroka usiku kuelekea pwani, na wanne waliobaki wakahojiwa na nyapara kutwa nzima. Hawakumsikia tena. Nilimpigia shangazi palepale nikamuuliza kama babu alikuwa na kovu. Akasema, "Kidevuni. Nani kakwambia?"

Kovu peke yake nisingelichukua kuwa ushahidi. Lakini namba tano zinazofuatana, neno la karani, na simulizi la mtu ambaye hakuwahi kutujua vimekubaliana. Misheni ya Muyaga ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1898, na kama kuna ndugu wa babu aliyebatizwa, mahali pa kuanzia sasa ninapajua. Barua nimeshaandika.

Nisingefika hapo kwa mstari wa 318. Nilifikishwa na 322, mtu niliyemnakili bila kumjua, na binti yake aliyekubali kunifungulia Biblia. Wajukuu wa 320 nao tumeshawapata, wako Maramba. Waliobaki ni wawili. 319 jina lake linasomeka vizuri lakini hakuna aliyelitambua barazani. 321 ameandikwa "Luasa" au "Luasha", herufi za mwisho zimeingia maji. Kama babu yako alikata mkonge upande wa Muheza na una kipande chake mahali, kitoe ukitazame namba, na upige picha pande zote mbili.