Simu inajizima na kujiwasha kila baada ya dakika tatu tangu nibadilishe betri

Swali: Ndugu fundi, naomba msaada wako. Wiki iliyopita nilibadilisha mwenyewe betri ya iPhone 11 yangu. Utepe wa gundi ulikatika, nikalazimika kuinua betri ya zamani kwa bisibisi bapa hadi ikapinda. Sasa simu inawaka, inachaji na inapiga, ila kila baada ya dakika tatu hivi inajizima na kujiwasha yenyewe. Pia umetokea ujumbe kwamba betri haikuweza kuthibitishwa kuwa halisi. Fundi mmoja wa hapa Morogoro ameniambia bodi imekufa, nitafute simu nyingine. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hujaikubali hukumu hiyo, zingatia jambo ulilolitaja bila kulitilia uzito, nalo ni zile dakika tatu. Betri dhaifu haifuati saa. Huizima simu pale inapobebeshwa mzigo, kwa mfano unapofungua kamera au unapopiga simu mahali penye mtandao hafifu, na mara nyingi simu hubaki imezimika mpaka uichomeke kwenye chaji. Simu inayojizima kwa mpangilio ule ule, iwe umeishika au umeilaza mezani, huwa inazimwa na programu yake yenyewe. Ndani ya mfumo wa iPhone kuna programu inayosimamia joto, ambayo lazima ipate majibu kutoka kwa vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupimia, vilivyotawanyika sehemu mbalimbali za simu. Kihisi kimoja kisipojibu, programu hiyo hukwama, na mlinzi wa mfumo akishangoja takribani dakika tatu bila taarifa huiwasha simu upya. Kwenye iPhone 11, baadhi ya vihisi hivyo vimo katika fleksi ya sistimu ya chaji, yaani utepe mwembamba wa njia za umeme unaounganisha tundu la chaji na bodi, ule ule unaopita jirani na betri uliyoiinua kwa bisibisi.

Kwa hiyo usikisie, wala usimruhusu mtu akisie kwa niaba yako, kwa kuwa simu imeandika chanzo cha tatizo. Ikishawaka, fungua Settings, kisha Privacy & Security, kisha Analytics & Improvements, kisha Analytics Data, utafute faili linaloanza na neno panic-full lenye tarehe ya leo. Ni maandishi marefu na muda wako ni mfupi, hivyo piga picha ya kioo kila ukurasa, ndipo uyasome kwa utulivu. Tafuta mahali palipoandikwa Missing sensor, yaani kihisi kinachokosekana. Ukikuta Mic1 au PRS0, yaani maikrofoni ya chini na kipima mgandamizo wa hewa, tatizo liko kwenye fleksi ya sistimu ya chaji. Ukikuta TG0B, bodi haipati taarifa kutoka kwa betri, na hapo soketi ya betri au betri mpya yenyewe ndiyo ya kushukiwa.

Nakusihi sana usiifute simu na kuweka mfumo upya kwa matumaini kwamba itapona, maana fleksi iliyokatika haitengenezwi na programu, na unaweza kupoteza picha zako zote bure. Tumia vipindi hivyo vya dakika tatu kuhamisha kidogo kidogo vile unavyovithamini.

Kisha izime, uifungue kama ulivyofanya awali, na uchomoe betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Chomoa fleksi ya chaji kwenye bodi, itazame soketi yake kwa kioo cha kukuzia, uirudishe kwa kuibonyeza kwa kidole pande zote mbili hadi usikie imeingia. Nimewahi kupokea simu yenye dalili kama za kwako ambayo soketi ilikuwa imeinuka upande mmoja kwa unene wa karatasi tu. Nilipoibonyeza, tatizo likaisha. Tazama pia mwili wa fleksi palipopita bisibisi. Mkato huonekana kama unywele uliolala juu ya shaba, na ukiuona, fleksi hiyo ibadilishwe, kazi ambayo kwenye simu hii ni afadhali aifanye fundi mzoefu.

Kwa kawaida ningekushauri urudishe betri ya zamani kwa muda ili ulinganishe. Kwa hali yako nakataza kabisa. Betri ya lithiamu iliyopinda inaweza kuwa imechanika ndani na ikawaka moto saa au siku kadhaa baadaye, hata kama haijachomekwa popote. Iweke kwenye chombo cha bati chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, hadi utakapoipeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Kama alama inayosomeka ni TG0B, tafuta fundi mwenye betri anayojua ni nzima, aijaribu kwa dakika kumi.

Kuhusu ujumbe wa betri, hilo ni jambo la pembeni. Kuanzia iPhone XR na XS za mwaka 2018, bodi huitambua betri iliyofungwa nayo kiwandani, kwa hiyo hata betri halisi iliyotolewa kwenye simu nyingine inaweza kuleta ujumbe huo. Ujumbe huo hauizimi simu, na mtu akikutoza fedha za kuufuta akidai ndiyo tiba ya kujizima, usimlipe.

Bodi inabaki kushukiwa kama fleksi ni nzima, soketi zimekaa, betri nyingine imejaribiwa, na bado simu inajizima. Hapo mweleze fundi ukweli wote, hasa kama huna uhakika kwamba kila skrubu ilirudi kwenye tundu lake, kwa sababu skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hukata njia za umeme zilizo ndani ya bodi.

Usibandike kioo kwa gundi mpya mpaka simu ikae imewaka kwa dakika kumi bila kujizima. Na hata baada ya hapo iepushe na maji, kwa kuwa ule uwezo wake wa kiwandani wa kuyazuia uliondoka siku ulipoifungua mara ya kwanza.