Mlango wa gari ukining'inia, anza na bawaba

Mama yangu akishuka garini hujiinua kwa kuushika mlango. Magoti yanamsumbua, nami sikuwahi kumkataza. Tumekwenda hivyo miaka hapa Wete, Pemba, mpaka mlango wake ukashuka: kuufunga lazima uunyanyue kwanza, ndipo uusukume.

Fundi wa mwanzo alilegeza kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa, akakiteremsha. Mlango ukafunga, tukashukuru. Haukupita muda ukashuka tena, na ukingo wa chini ukawa unachubua rangi mpaka bati likaonekana. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, bati lililo wazi halichelewi kuota kutu. Nakuomba, usianzie kwenye chuma kile. Kukishusha ni kuuficha ugonjwa tu.

Fungua mlango nusu, ushike kwa nchani, uunyanyue na kuushusha taratibu huku mwenzio akitazama bawaba. Wetu ulicheza bawaba ya juu: pini imelika, pembeni yake unga mwekundu wa kutu uliochanganyika na grisi kavu. Kama bawaba hazichezi, kagua bolti, huenda zimelegea. Ukikuta nguzo yenyewe imeoza, hapo mpelekee fundi wa kuchomelea.

Pini ya gari letu imegongewa humo humo, haitoki, kwa hiyo nilinunua bawaba nzima iliyotumika, ya gari la aina ileile na upande uleule. Kabla ya kugusa bolti, zungushia bawaba ya zamani mstari wa penseli. Ndio utakaokuonesha pa kurudi. Weka jeki chini ya mlango, juu yake ubao na kitambaa, na mtu aushike usiyumbe. Mlango ni mzito, na ukiuachia utakata nyaya zinazopita kwenye ule mpira ulio kati ya mlango na nguzo. Fungua bawaba moja tu, ya pili iache imefungwa.

Bolti mpya zikaze nusu. Toa jeki, funga mlango polepole, usiubamize, utazame mwanya kati ya mlango na bodi: uwe sawa juu mpaka chini. Mlango ukiwa bado chini, rudisha jeki, inua kidogo, kaza, jaribu tena. Mimi nilirudia mara nne. Mwanya ukikaa sawa, kaza kabisa, tia grisi, ndipo urudishe kile chuma cha kitasa mahali pake pa zamani.

Bati lililochubuka nilipiga msasa na rangi siku ileile. Mama sasa akishuka hushika bega langu.