Kwa mnaotumwa shuleni kubadilisha majiko

Ukifika shuleni mara ya kwanza utapelekwa kwa mkuu wa shule, utasaini kitabu cha wageni, utaletewa soda. Kunywa, lakini usinogewe na kiti. Omba kwenda jikoni saa hiyohiyo, kabla ya mtu kukimbizwa kufagia. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kazi hii, nimepita halmashauri tatu, na makosa yangu mengi nikiyafuatilia yanaishia kwenye kile kiti cha ofisini.

Mnaingia kipindi chenye msukumo. Serikali imeshazielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sehemu ya fedha inapitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini. Ukiona fedha hiyo iko mbali na wewe, tazama risiti yako ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla: karibu na VAT kuna mstari umeandikwa REA, asilimia 3. Mama lishe aliyenunua umeme wa elfu mbili asubuhi ana mchango wake kwenye jiko unalokwenda kulifunga. Mimi hilo hunifanya nihesabu bomba mara mbili.

Sasa jambo ambalo sikuambiwa na mtu. Mpango unanunua jiko, haununui gesi ya mwezi wa nne baada ya jiko kufungwa. Shule ya kutwa chakula chake kinatoka kwa wazazi: debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, na watoto wanakuja asubuhi kila mmoja na kijiti chake cha kuni mkononi. Kuni hizo hazina bei popote kwenye vitabu vya shule. Siku unapowasha gesi umefuta kitu kilichokuwa bure kwenye makaratasi na kuweka mahali pake kitu kinachotaka fedha taslimu. Mzazi mwenye mahindi hana noti, na muuza gesi hapokei mahindi.

Shule moja tuliifungia majiko mazuri kweli, viongozi wakaja, utepe ukakatwa, pilau ikapikwa. Nilipopita wiki ya saba, majiko yanang'aa na juu yake wameanikia mwiko. Nyuma ya jengo mafiga matatu yanawaka. Nilikasirika, nikamfokea mpishi. Yule mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Baba, mtungi uliisha tarehe sita. Watoto niwape nini?" Sikuwa na jibu, na sijalipata la kujitetea hadi leo. Tangu hapo sifungi jiko kabla kikao cha wazazi hakijakaa na muhtasari kuandikwa: nani analipa mtungi wa pili, kiasi gani kwa mtoto, fedha inashikwa na nani. Kuna shule wameamua kuuza sehemu ya mahindi ya mchango kwa ajili ya gesi. Kuna nyingine zina ng'ombe na vyoo vya kutosha, hao wazungumzieni biogesi. Shule ya bweni ni nafuu kidogo, maana kuni walikuwa wananunua kwa lori, kwa hiyo kuna kifungu cha bajeti cha kuhamisha.

Mpishi mpe heshima yake. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Yeye ndiye anayejua sufuria ipi inavuja na ipi huwa haitumiki kabisa. Niliwahi kupeleka majiko banifu, yale ya kubana matumizi ya kuni, yaliyojengwa kwa kipimo cha sufuria ya lita 100, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu. Sufuria iliyokuwa inapika ugali kila siku ilikuwa pana zaidi, haizami. Wakachukua nyundo, wakabomoa ukingo hadi ikaingia. Jiko la aina ile nguvu yake yote iko kwenye ule mwanya mwembamba kati ya sufuria na ukuta, ambamo moto unalazimika kulamba ubavu wa sufuria kabla ya kutoka. Ukipanua mwanya, umebaki na mafiga yenye bomba la moshi. Kosa halikuwa la nyundo. Mimi sikubeba futi ya kupimia.

Halafu kuna maharage. Hapa ndipo nilipookoa nishati nyingi kuliko mahali pengine pote, na sikutumia hata shilingi. Shule ya bweni, maharage yanakaa motoni kwa muda wa saa nne na ushee. Nikamwambia mpishi aloweke usiku. Akacheka. "Nitaloweka nini? Stoo inafunguliwa saa mbili asubuhi." Mtunza stoo alikuwa anapima maharage asubuhi, sahihi inawekwa asubuhi, daftari linataka hivyo. Tukakaa na mkuu wa shule, mtunza stoo na mwalimu wa zamu, tukahamisha upimaji ukawa saa kumi na moja jioni ya siku iliyotangulia, na ndoo zikafungiwa jikoni kwa kufuli, maana hofu yao ilikuwa wizi. Wiki hiyohiyo maharage yakawa yanaiva kwa muda usiofika saa tatu. Hakuna fundi, hakuna mzabuni, hakuna NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Kwa hiyo ukikagua shule, kagua na ratiba ya funguo.

Pale ambapo kuni bado zipo, angalia zimelazwa wapi. Mti mbichi unaweza kuwa nusu yake maji. Shule inalipia lori zima, nusu ya mzigo ni maji, na moto unaanza kwa kuyachemsha hayo kabla haujafika kwenye uji. Banda la mabati matatu na kununua mapema kabla ya masika vinatosha. Ni kazi ndogo na haina utepe wa kukata, ndiyo maana haifanywi.

Umeme nitaugusa tu. Wageni wengi hukimbilia taa za madarasa. Piga hesabu kwanza. Madarasa 16 yenye tyubu nne nne, wati 36 kila moja na choki yake, kile kifaa cha kuiwasha, kama 8, kwa saa tatu za prepu, masomo ya usiku: ni uniti 8 na kidogo kwa usiku. Ukiweka LED za wati 18 unashuka hadi tatu na nusu. Vizuri, umeokoa kama uniti tano. Sasa toka nje, tazama ile taa kubwa ya halojeni ya wati 500 karibu na geti. Ikiwaka saa 12 imekula uniti sita peke yake, na mara nyingi utaikuta inawaka saa tano mchana kwa sababu swichi iko nyumbani kwa mlinzi. Tazama pia tenki la maji: boya la kuzima pampu tenki likijaa likiharibika, pampu inavuta usiku kucha maji yanamwagika, na uhasibu wanadhani LUKU inawaibia.

Kabla hujaondoka, mwachie mpishi daftari limening'inizwa kwa msumari, mistari mitatu tu: tarehe, watoto waliokula, mtungi au mzigo wa kuni ulioanzwa. Fomu ya kurasa nane haitajazwa. Rudi baada ya miezi mitatu bila taarifa, kama saa nne asubuhi, na kabla hujaingia getini tazama juu ya mapaa. Ukiona moshi nyuma ya jengo, usifoke kama nilivyofoka mimi. Uliza mtungi uliisha lini, na hela ya mwingine imekwama kwa nani.